Kati ya Risasi na Risasi

Mauser ya mwaka 1871 ina tabia moja ambayo kila aliyewahi kuishika anaijua: haitupi ganda nje. Ukishafyatua, unainua mkono wa bolti, unaivuta nyuma, kucha ya chuma inalitoa ganda ndani ya chemba, halafu basi. Ganda linabaki limelala pale pale, la moto, limekukodolea macho. Lazima uilaze bunduki ubavu ili lianguke, au ulichomoe kwa vidole. Ndipo uingize mkono mkobani utoe risasi nyingine, uitie, usukume bolti, uufunge mkono wake, urudishe kitako begani na kuanza kulenga upya. Ndugu wawili, Paul na Wilhelm Mauser wa Oberndorf kule Württemberg, walibuni mtambo imara mno, wenye kujikoki wenyewe pale unapoinua mkono wa bolti. Hiyo kazi ndogo ya kuondoa ganda wakamwachia mwenye bunduki.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeishi Columbus, Ohio, kwa miaka mingi, nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala. Nashuhudia kwamba bunduki hii ya risasi moja imenibadilisha, na si katika kulenga shabaha peke yake.

Kabla yake nilikuwa na bunduki ya kisasa inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya risasi 30. Siku ya mapumziko tulikuwa tukikutana uwanja wa shabaha, mimi, Wakenya wawili na rafiki yetu wa Lubumbashi, tunamimina risasi mpaka mtutu unatoa mvuke. Ilikuwa burudani ya kweli, sitaki kuikashifu. Tulicheka sana. Ila nikirudi nyumbani, mama watoto akiniuliza siku ilikwendaje, nilikuwa sina la kusimulia. Risasi ya kumi na ya ishirini na tano zilifanana.

Hii Mauser nilikutana nayo kwenye maonyesho ya silaha, katika ukumbi wenye meza zisizohesabika, visu upande huu, nyama ya kulungu iliyokaushwa upande ule. Ilikuwa imelazwa pembeni, haina mteja. Muuzaji, mzee wa Kizungu mwenye ndevu za manjano kwa moshi wa sigara, aliponiona nimeinama kusoma maandishi ya ubavuni akaniambia, "Ishike tu, haiumi." Nikaishika. Ni ndefu, inakaribia mita moja na sentimita thelathini na tano, na uzito wake ni kilo nne na nusu hivi. Upande wa kushoto, kwa herufi za Kijerumani za kale, imechongwa I.G.Mod.71, na juu yake kuna taji, jina la kiwanda cha Spandau na mwaka 1877. Kwenye mkanda wa mtutu kuna namba ya kikosi, herufi R, namba ya kombania na namba ya silaha yenyewe. Nikazungusha macho: bolti, fremu, mtutu, hata skrubu, vyote vina namba moja. Baada ya miaka zaidi ya mia hakuna kiungo kilichobadilishwa.

Habari ya sheria wengi huniuliza, basi niieleze. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 haihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo kuwa ni silaha ya moto ya kawaida. Inaitwa ya kale. Kwa sheria hiyo ya taifa, muuzaji hakulazimika kunijazisha fomu yoyote, ingawa majimbo yana sheria zao na mtu sharti aangalie ya kwake. Tanzania hakuna mlango wa namna hiyo. Pale sheria ya mwaka 2015 inataka leseni, na gobore la babu yako likikutwa darini bila karatasi ni kesi. Nilitoa dola mia sita na ushei. Nikaifunga kwenye blanketi, nikaiweka nyuma ya gari.

Kwa wiki kadhaa sikuipiga. Nilikuwa naifungua na kuifunga. Kuitoa bolti ya Mauser hii si kuvuta tu. Kuna kikuku kinene cha chuma kilichoshikwa kwa skrubu juu ya bolti, na bila kukilegeza haitoki. Nyuma yake kuna kizuizi chenye bawa dogo, unakigeuza kwa kidole gumba kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wazo hilo la bawa lilidumu kwenye bunduki za Mauser kwa miongo mingi baadaye. Mbao yake ni ya mti wa jozi, imeiva kwa mafuta na jasho la watu nisiowajua. Chini ya kitako kuna mkato mdogo, kazi ya kisu, mistari minne imesimama na mmoja umelala juu yao. Askari fulani alikuwa anahesabu kitu. Siku za kambini? Mikopo ya bia? Nimekaa na mistari ile zaidi kuliko nilivyokaa na vitabu vingi.

Risasi zake hazipo dukani. Ni za milimita 11, ganda refu la shaba ya manjano, na ndani ni baruti nyeusi, karibu gramu tano, na kichwa cha madini laini ya risasi cha gramu 25. Maganda yanapatikana kwa watu wachache wanaoyatengeneza, yana bei, na ndiyo maana huwezi kuyaacha yapotee nyasini. Kichwa nikayeyusha mwenyewe na kumimina kwenye kalibu. Baruti unaipima, unaimimina polepole ishuke sawasawa, unaweka kipande cha kadi juu yake, kisha kichwa. Usiku mzima wa Ijumaa unatoka na risasi ishirini, na ukiwa mkweli na nafsi yako unajua ipi uliipima vizuri na ipi ulikuwa unasinzia. Baruti nyeusi haipendi nafasi tupu ndani ya ganda. Pengo likibaki, shinikizo laweza kuharibu mtutu, kwa hiyo hapo hakuna mzaha.

Siku ya kuipiga, uwanja mzima uligeuka kutazama. Haitoi mlio mkali wa bunduki za leo, inaguruma. Inasukuma bega zaidi ya kulipiga. Halafu moshi: wingu zito jeupe, harufu ya mayai viza, na shabaha yako imepotea. Unangoja. Upepo ukiwa umetulia unangoja zaidi. Rafiki yangu wa Lubumbashi alipiga makofi akasema, "Kaka, umepika ama umepiga?" Nikailaza bunduki, ganda likaanguka kwenye kitambaa nilichotandika, nikaingiza jingine. Baada ya risasi chache masizi yanajaa ndani ya mtutu na lazima upitishe kitambaa chenye maji. Ukirudi nyumbani ni maji ya moto na sabuni, papo hapo, kabla hata ya kuvua viatu, maana masizi yale yanavuta unyevu na kutu inaanza usiku huo huo.

Mzee mmoja anayekuja pale na bunduki za risasi moja tu, Sharps, Winchester ya 1885 iliyobuniwa na John Browning, na Springfield ya mlango wa kuinuka, alinisogelea tangu siku ile. Ndiye aliyenipimia muda kwa saa yake. "Piga, pakia, lenga, piga. Usikimbilie, usizembee." Tulipima mara nyingi. Nikiwa nimetulia, nina risasi tayari mezani, nilikuwa nachukua sekunde saba au nane kutoka mlio mmoja hadi mwingine wenye kulengwa. Nikitoa risasi kwenye mkoba uliofungwa kifungo, kumi na zaidi. Askari wa enzi zake aliyefunzwa kila siku alinipita, bila shaka. Lakini yeye pia alikuwa na vidole, na ganda lake pia lilikuwa la moto.

Hapo ndipo Lugalo ilipoingia.

Mtoto wa Iringa hafundishwi Lugalo, anazaliwa nayo. Mnara uko kando ya barabara iendayo Morogoro, basi zinaupita kila siku. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ulivamiwa na jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kulikuwa na askari zaidi ya mia tatu, Wasudani na watu waliotoka Msumbiji wakiitwa Wazulu, pamoja na wapagazi, punda na mizinga. Kwa dakika chache msafara ukaisha. Zelewski akauawa kwa mkuki. Bunduki karibu 300 zikatekwa. Bunduki zile zilikuwa Mauser za 1871, mfano mfupi wa vikosi vilivyoitwa vya wawindaji, mtambo ule ule nilio nao kabatini.

Nilivyosimuliwa na bibi, na nilivyosimulia mimi vijiweni, habari ile ilikuwa ya moyo. Wahehe walikuwa na moyo, basi. Mikuki dhidi ya bunduki, na moyo ukashinda chuma. Nilipenda kuisimulia hivyo, na wasikilizaji walipenda kuisikia hivyo, hasa ugenini ambako mtu unahitaji kitu cha kujivunia zaidi ya hati ya mshahara. Sasa nikawa nimeketi na sekunde zangu saba au nane, na moyo peke yake haukutosha kueleza jambo lile.

Chukua mtu anayekimbia akitokea vichakani. Mita thelathini anazimaliza kwa sekunde tano, sita akiwa na ngao. Mita mia zinamchukua sekunde kumi na tano, ishirini. Mbele ya Mauser hii, mita mia uwandani maana yake ni risasi mbili au tatu kutoka kwa kila askari, na askari mia tatu waliojipanga mstari wangefanya mauaji ya kutisha. Mita thelathini kichakani maana yake ni risasi moja. Baada ya hiyo moja, askari ameshika ganda la moto mkononi na mkuki umeshafika. Taarifa ya Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma na akanusurika, na simulizi zilizofuata, zinakubaliana kwamba askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya mara moja au mbili. Wanahistoria wa Kijerumani waliliandika hilo kwa masikitiko, kama ajali. Halikuwa ajali. Mtu alichagua zile mita thelathini. Alichagua njia nyembamba inayoulazimisha msafara utembee mmoja nyuma ya mwingine, ili mstari usipangike. Aliwalaza maelfu ya watu kimya kwenye majani mpaka adui afike karibu kuliko bunduki yake inavyoruhusu. Huyo alikuwa anaijua bunduki, pengine kuliko waliokuwa wameibeba. Wahehe walikuwa na bunduki zao kadhaa kabla ya hapo, za kujazwa mdomoni kwa mdeki, walizozipata kwa biashara ya pwani. Muda wa kupakia walikuwa wameshaupima.

Nimewavika mababu zangu ujasiri maisha yangu yote. Akili ya kivita, ile ya mtu aliyekaa chini akapiga hesabu, sikuwahi kuwapa. Kilichonifanya niwape ni chombo cha adui yao.

Nilimpigia mjomba wangu Iringa kumweleza. Mzee wa miaka themanini na kitu, amesoma, amewahi kufundisha. "Kamwene mjomba," nikasema, akaitikia, tukaulizana hali, mvua, mahindi. Nilipofika kwenye bunduki akanyamaza kidogo.

"Mjomba," akaniita kama anavyoniita siku zote, "unaniambia umenunua kwa pesa yako bunduki iliyotuua, ukaiweka ndani ya nyumba wanamolala wajukuu zangu?"

Nikamwambia iko ndani ya kabati la chuma, imefungwa, na kwamba hii hii haikufika Afrika. Ni ya kikosi cha miguu, ilibaki kwao. Hakuridhika na jibu hilo, na sidhani lilistahili kumridhisha. Bunduki za aina hii ziliwapiga Wamatumbi na Wangoni katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, zikilinda bunduki za rashasha zilizofanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1894 Wajerumani waliifikia Kalenga, makao ya Mkwawa, safari hii mizinga yao ikiwa na mpango, wakaibomoa ngome. Mkwawa aliwindwa porini hadi 1898, akajipiga risasi mwenyewe, kichwa chake kikachukuliwa, na kikarudi 1954. Mimi naweza kusifu mbao ya jozi na namba zinazolingana. Mjomba anaiona Mauser na kuona kichwa kile kwenye kioo cha makumbusho ya Kalenga. Sijapata namna ya kuyaoanisha mawili hayo na nimeacha kuitafuta. Yote mawili yanakaa kabatini.

Ila alipokwisha kunisema, akauliza, "Umesema sekunde ngapi?" Mwalimu ni mwalimu.

Yule mzee wa uwanjani naye nilimsimulia Lugalo. Aliisikiliza bila kunikatiza, kisha akanieleza ya kwao, vita vya Little Bighorn, Montana, Juni 1876. Askari farasi wa Custer walikuwa na Springfield fupi za risasi moja. Walakota na Wacheyenne, pamoja na pinde na bunduki za kila namna, walikuwa na baadhi ya Henry na Winchester zenye risasi nyingi. Moto wa nyasi wa mwaka 1983 uliisafisha ile ardhi, wachimbuzi wakaokota maganda yaliyoonyesha nani alisimama wapi akiwa na bunduki gani. Na kule Isandlwana, Januari 1879, Waingereza na Martini-Henry zao mbele ya Wazulu. Mzee aliziita vita vya pengo, lile la kati ya risasi na risasi. Mimi nikamwongezea Lugalo kwenye orodha yake, akaiandika nyuma ya risiti, herufi kwa herufi.

Kisha nikaanza kusoma habari za vita vya Tanga. Novemba 1914, miaka 43 baada ya mwaka unaotajwa ubavuni mwa bunduki yangu, kombania nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, bado zilikuwa na Mauser hii ya moshi, wakati Ulaya yote ilikwishahamia baruti isiyotoa moshi. Askari akipiga mara moja, wingu linasimama juu ya kichwa chake kumwonyesha adui pa kulenga. Wengi tunawataja askari wale kwa neno moja, vibaraka, tukamaliza. Sasa nikisoma kwamba walishinda Tanga, wakakusanya bunduki mpya za Waingereza zilizotosha kombania kadhaa, najua mikononi mwao jambo hilo lilikuwa na maana gani. Sijawapenda. Nimeacha kuwaona kuwa sanamu. Mtu aliyelala nyuma ya mnazi, macho yamejaa moshi wake mwenyewe, analaza bunduki ubavu ili ganda lianguke, huyo ni mtu, na alitoka kijijini kwa watu fulani.

Ile bunduki ya kisasa niliiuza. Wakenya wangu walinicheka, mmoja wao ndiye aliyeinunua, na bado tunakwenda uwanjani pamoja; wao wanamimina, mimi napiga risasi kumi na tano asubuhi nzima na kila moja naikumbuka. Nimegundua pia kwamba sipendi tena kuhadithia Lugalo kwa kelele. Mwanangu wa kiume, aliyezaliwa hapa hapa Ohio na ambaye Kihehe chake hakizidi salamu, hakuwahi kuijali nilipokuwa naisimulia kwa kelele. Nilipompa saa na kumwambia apime, akapima. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akapima mita thelathini kwa hatua na kuzikimbia, huku anajihesabia kwa sauti.

Mjomba naye hakuliachia jambo hilo. Mwezi uliopita alimchukua mjukuu wake na simu yenye kamera wakaenda mpaka mnarani Lugalo. Amenitumia picha za korongo na vichaka, na ujumbe wa sauti mrefu. Anasema mita thelathini ni nyingi mno, kwamba mimi nimeishi kwenye nchi ya nyasi zilizokatwa nikasahau pori la kwetu, na kwamba mahali pale mtu hakuoni hata akiwa hatua kumi na tano. Nimemjibu kwamba miti ya leo si miti ya 1891. Ameniambia nije mwenyewe mwezi wa nane, majani yakiwa makavu kama siku ile, tupime pamoja. Tiketi nimeshaanza kuziangalia. Hamu nyingine niliyo nayo ni ya kuupata ule mfano mfupi, hasa hasa uliobebwa Lugalo, lakini huo ni adimu na bei yake ni ya mara mbili au tatu, na mama watoto amesema tiketi au bunduki, nichague moja.